Niliandika maoni ya wasomaji ndani ya vitabu vya maktaba Newala, bosi akayachoma moto

Wakuu, habari za humu.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi. Miaka imepita mingi, ila hasira bado ninayo.

Siku za mwisho za Mwingereza nilikuwa karani wa maktaba ndogo ya umma, Newala. Bosi wetu, Mzungu, alibandika orodha mlangoni: mkulima asome kilimo, mwanamke asome mapishi na ushonaji. Basi.

Vitabu vingine vilikaa mpaka mchwa wakavianza.

Nikabuni utaratibu wangu. Mtu akirudisha kitabu, namuuliza kinamfaa nani. Jibu naliandika kwenye kikaratasi, nakichomeka ndani ya jalada. Fundi baiskeli mmoja wa Chilangala alisema kile cha safari kinamfaa mgonjwa aliyechoka kulala.

Akija msomaji mwingine, simuulizi kazi yake. Namuuliza ana shida gani.

Watu wakaanza kuja, wengine kutoka Masasi huko.

Siku moja akaingia Mama Zainabu, mjane wa kijiji cha Mnyambe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shemeji yangu anataka mikorosho niliyopanda kwa mikono yangu. Kuna kitabu cha hayo?"

Kilikuwepo, cha sheria. Mwalimu wa madrasa aliyekisoma kabla yake alisema kinamfaa anayedhulumiwa mirathi. Mama akakisoma, akaenda nacho kwenye kesi kwa liwali. Mikorosho ikabaki yake.

Shemeji mtu akakimbilia kwa bosi kushtaki. Bosi akaniita.

"Mwanamke wa shamba ana haja gani na kitabu cha sheria?"

"Ana haja ya shamba lake," nikamjibu.

Kazi ikaishia hapo. Kabla sijatoka alinilazimisha kuchomoa vikaratasi vyote, akavitia moto uani mbele yangu. Halafu, sikieni hili: kwenye ripoti akaandika kwamba wasomaji wameongezeka kwa sababu ya orodha yake. Karani aliyeshika nafasi yangu ndiye aliyeniambia.

Uzalendo ulinishinda, wakuu. Nililia kwa hasira.

Wiki iliyofuata nikapita pale. Mama Zainabu alikuwa amekaa kwenye ngazi za maktaba na wanawake wanne, anawaeleza vitabu alivyokwisha kuvisoma, kimoja kimoja, kipi kinamfaa nani. Bosi kasimama dirishani anawatazama. Safari hii hakuwa na cha kuchoma.

Nilichojifunza: anayejua kitabu kinamfaa nani ni yule aliyekisoma.

Nanyi, nani aliwahi kuamuliwa asome nini kwa kuangaliwa sura tu? Semeni, nasoma komenti zote.