Kutoka Masinga Mpaka Konza Hakuna Mwanaume Amelea Watoto Kama Mimi

Admin, ficha jina langu, lakini sifa zangu usifiche. Mimi ni kijana wa miaka 25, natoka huku Ndithini, na nasema bila aibu: kutoka Masinga mpaka Konza hakuna mwanaume amelea watoto kama mimi. Niko na wanne, mkubwa miaka saba, mke hayuko, msichana wa kazi hayuko. Wengine wenu mkiachiwa mmoja nusu saa mnapiga simu mkilia. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo msianze kunisahihisha. Nimelipia kompyuta ya saiba dakika chache tu, nisomeni mkiwa mmenyamaza.

Mke wangu alipata kazi ya kushona nguo kwa kiwanda huko Athi River, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nikamwambia, "Nenda. Hawa niachie." Mama yake, ambaye boma lake liko ng'ambo ya ua wetu wa mkonge, akacheka mpaka akashika kiuno. "Baba Mapacha, utawalisha nini? Mdomo?"

Huyo mama ndiye adui yangu, mjue mapema. Ukambani mama mkwe haingii nyumba ya mume wa binti yake, na mimi siingii yake. Hiyo heshima tunaiita nthoni. Basi kila asubuhi anakuja mpaka kwa mkonge, anasimama hapo kama askari wa benki, anaanza kunitajia makosa. Heshima yake iko kwa miguu, kwa mdomo haijafika.

Sasa sikieni balaa yenyewe. Kwetu mtoto hupewa jina la wazazi wako au wa mke. Msichana mkubwa ana jina la mama yangu, kwa hivyo namwita Mwaitu, yaani mama. Anayemfuata, wa miaka mitano, ni baba yangu, tunamwita Mzee. Mapacha wa miaka mitatu ndio mkosi: wa kiume ni baba mkwe, wa kike ni huyo huyo mama wa kwa mkonge. Haya, nitachapa nani? Nikiinua mkono kwa Mzee, mama yangu analia ati nampiga mumewe.

Na wanajua! Baba mkwe alimimina kikombe kizima cha uji ndani ya redio. Nikamuuliza kwa nini. "Huyo mtu anaongea tangu asubuhi na hajakula." Pacha wake aliosha vifaranga sita ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, na sabuni juu. Mzee alinyoa mbuzi wa jirani upande mmoja, akaniambia upande ule mwingine ni wa kesho. Mimi nilicheka mpaka machozi. Mwaitu akaanika redio kwa jua, akamwaga yale maji, akaenda kumwombea Mzee msamaha kwa jirani. Nyumba ilikuwa inaenda sawa. Ugali ulipikwa, nguo zilifuliwa, hakuna siku mtoto wangu alilala njaa. Wangapi wenu mnaweza kusema hivyo?

Lakini yule mama wa kwa mkonge hatosheki. "Baba Mapacha! Mbona huyo msichana mkubwa yuko hapo na leo ni Jumanne?"

"Ana homa, mama."

"Hata Jumanne ingine ilikuwa homa."

"Ni homa ya ukoo wenu, hiyo haiponi haraka."

Nikaenda zangu sokoni. Huko mimi ndiye bingwa wa mchezo wa drafti, naweza kukufunga nikifumba jicho moja.

Wiki iliyopita kiwanda kikakosa stima, mke akarudi bila kuniambia. Mimi niko na kingi mbili kwa ubao, naona Mzee anakuja mbio. "Baba, mama amekuja na haongei."

Nilimkuta amesimama mlango wa jikoni. Ndani Mwaitu alikuwa juu ya debe, anasonga ugali. Pacha mmoja mgongoni, amefungwa na leso. Yule mwingine amefungwa mguu kwa meza na mshipi wa uniform, asiende kwa moto. Sufuria alikuwa ameishika na sweta yake ya shule. Mikono yote miwili ya hiyo sweta ilikuwa imeungua.

Mke akasema pole pole, "Mwaitu, niletee daftari."

Kurasa mbili zimeandikwa. Zingine zote safi.

Hakunitukana. Angenitukana ningejua la kumjibu. Alichukua wote wanne, akavuka mkonge.

Jioni nikamfuata nikiwa moto. "Simama hapo hapo!" mama mkwe akaniambia.

"Nataka watoto wangu!"

"Taja jina la mwalimu wa msichana wako, nikupe wote wanne sasa hivi."

Nikaanza kuhesabu miiba ya mkonge. Halafu Mwaitu akapenya katikati. "Baba, maharagwe iko kwa sufuria ndogo. Pasha kwanza, usikule baridi."

Mke amesema watoto hawarudi mpaka nikiri mbele ya Mwaitu kwa nini aliacha shule, nyanya yake akisikia. Msiniambie nimrudishe shule, nyanya yake alishampeleka. Na matusi yenu kaeni nayo, ya mama mkwe yananitosha. Nataka mnipe maneno ya kuanzia tu, kwa sababu kila nikifika kwa huo ua nageuka narudi.

Nimeambia kila mtu ati mtoto alikataa shule. Hakukataa. Wiki ya pili ya muhula alikuwa mlangoni amevaa, viatu amepaka mafuta. Mimi ndiye nilimwambia, "Mwaitu, leo baki kidogo na hawa, baba anarudi saa hii." Sikurudi saa hiyo. Na kesho yake sikumwambia kitu. Niliamka nikakuta uniform ameikunja mwenyewe, anawasha moto.