Buibui Aliyelala Chali

Harufu ya udongo mbichi ndani ya kopo la mafuta hunirudisha jikoni kwa mama, kijijini Endamarariek. Katika kopo kama hilo nilimfuga buibui mkubwa mwenye manyoya, niliyemkuta shambani tukivuna maharage. Nilimlisha panzi.

Asubuhi moja nilimkuta amelala chali, hatikisiki.

"Amekufa huyo," kaka yangu alisema akicheka. "Wape kuku wafaidi."

"Lete nimtupe," mama akasema. "Atanuka humu ndani."

Sikuwa mtoto wa kubisha, lakini nililikumbatia kopo. "Hajafa, mama. Buibui akifa hukunja miguu. Huyu ameinyoosha."

Mama alinitazama, kisha akarudi kukoroga makande. "Haya, mpaka jioni. Akinuka, utalala naye nje."

Nilikaa mlangoni nikifukuza kuku. Jua lilipoanza kushuka, ganda la buibui lilipasuka, akaanza kuchomoa mguu mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayevua soksi zilizolowa.

Mama alikuja akachungulia. "Yesu wangu! Wamekuwa wawili!"

"Ni mmoja, mama," nilisema, kwa sauti kubwa iliyomfanya kaka ageuke. "Hiyo nyingine ni nguo yake ya zamani."