Nukta ya Mtaa Wetu

Mchora takwimu wa idara ya maji ana kidole kisichotulia. Hata akila, hukiburuza mezani kama anayesogeza ile ramani anayoitengeneza kwenye kompyuta, yenye nukta za rangi: nyekundu maji machafu, kijani maji salama. Mke wa kaka yake humtania, "Wifi, mtu mzima na gemu kutwa!" Naye hucheka bila kugeuza shingo: "Gusa nukta, itakusimulia yenyewe." Wifi yake hakuwahi kugusa. Alitosheka na jibu alilopewa kila alipotaka kumchemshia mtoto maji: "Mtaa wetu kijani, wifi. Utamaliza gesi bure."

Leo, mtoto akiwa mapajani na chupa yake ya maji ya bomba, wifi yake akagusa. Nukta ya mtaa wao ikafunguka, ikatoa maandishi: Bado haijapimwa. "Haijapimwa? Mbona kijani?" Kile kidole kikaganda hewani. "Zisizopimwa... nilizipaka kijani zote," mchora takwimu akasema, "ramani isionekane na matundu." Wifi yake akaichomoa chupa mdomoni mwa mtoto. Ilikuwa tupu.