Mkwe Ndani ya Lori la Mahema

Korogwe nzima ilimjua Mbaruku wa lori kwa vitu viwili, mikono na mdomo. Mikono ilikuwa ya kweli. Alilipitisha lori penye njia ya mbuzi huku akivuta sigara, na mbuzi wakampisha. Mdomo nao, tuseme tu ulikuwa na gia nyingi kuliko lori lenyewe. Ukikaa naye kwenye kahawa atakuambia ni yeye aliyewafundisha Waingereza kuendesha kinyumenyume, ndiyo maana waliondoka nchi hii bila kugonga kitu.

Lakini asubuhi ile ya masika, mwaka wa pili tangu watu wahamie vijiji vya ujamaa, mdomo ulikuwa umefungwa. Alisimama mbele ya duka la Chimanlal, mwenye lori, akitazama mzigo unavyopakiwa. Mahema ya turubai ya kuazima kutoka shamba la mkonge, na nguzo na vigingi vyake. Vitanda vya kukunja, mablanketi, karabai. Kisha makreti ya soda, nyekundu kwa njano, mpaka springi zikainama. Vyote vilikuwa vinakwenda Kang'ata kwenye tamasha la ngoma na dansi. Vijiji vya wilaya vilikuwa vinashindana huko siku mbili, na wageni ilibidi walale uwanjani, kwa kuwa kijiji chenyewe kilikuwa kipya na nyumba nyingi bado zilikuwa fito tupu.

Chimanlal alivuta kamba ya mwisho, akamgeukia. "Mbaruku, leo kimya. Unaumwa?"

"Siumwi, bwana."

"Basi nani atanidanganya leo?"

Mbaruku alicheka kwa pua tu, akapanda. Sababu ilikuwa mkewe, Hajira.

Hajira alikuwa kwao Kwedizinga tangu vuli. Baba yake alifariki, na ilipofika arobaini Mbaruku, mkwe mwenye lori, alipewa kazi moja tu, kuleta mchele na sufuria. Siku hiyohiyo bendi moja ya dansi ikataka kupelekwa Mkumbara. Mbaruku akapanga kichwani: nashusha bendi, nageuza, nafika kabla ya dua. Bendi ikaanza kupiga kabla hajageuza. Basi miguu yake, ikisikia gitaa haitoki uwanjani. Alitokea Kwedizinga kesho yake na mchele wote, wakati watu walishasoma dua, wakala ugali wa kuomba kwa majirani, wakatawanyika. Mama mkwe, Bi Mwatumu, hakumgombeza. Aliupokea mchele, akauingiza ndani, akafunga mlango. Hajira alikuwa ametangulia kwa mama yake, hakurudi naye.

Wazee aliowatuma kuomba radhi walirudi mara mbili na maneno yaleyale. Bi Mwatumu akitoka eda atasema neno lake, baada ya ngoma ya Kang'ata. Akisema Hajira arudi, atarudi. Akisema hapana, mzee gani ataanza tena kupanda na kushuka?

Kwa hiyo Mbaruku aliendesha kama amebeba mayai. Tandiboi wake, Stefano, jitu la miraba minne kutoka milima ya Usambara, alikaa pembeni akitafuna muwa.

"Polepole hivyo tutafika wameshaoana na kuachana," alisema Stefano.

"Nyamaza. Mvua inakuja, na mahema yakilowa kabla ya watu kulala, jina langu litaimbwa wilaya nzima."

"Litaimbwa na nani?"

Mbaruku alibadilisha gia. Afisa utamaduni alikuwa amempa agizo dogo. Kikundi cha selo, ngoma ya Kizigua, cha Kwedizinga kilitangulia kwa trekta, kikamwacha mwimbishaji wao aliyekuwa akiuguza jirani, naye achukuliwe njiani. Mwimbishaji gani, hakuuliza. Vijiji vina waimbishaji wengi, alijiambia.

Hakuwa mwingine. Alisimama kando ya barabara na kifurushi kwapani, kanga kichwani, mnyoofu kama nguzo ya simu. Bi Mwatumu.

Kwa Wazigua, mama mkwe ni wa kuheshimiwa kwa mbali. Humtazami usoni, huli mbele yake, hukai naye kiti kimoja, na neno lako kwake linapita kwa mtu wa tatu. Lori lilikuwa na kiti kimoja cha mbele, na nyuma kulikuwa na soda mpaka juu na mvua ilishaanza kudondoka.

Mbaruku aliteremka upande wa pili, akasalimia ardhi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," ilijibu ardhi, au pengine yeye.

"Stefano," alinong'ona Mbaruku, "kaa katikati."

"Katikati kuna gia."

"Ikumbatie."

Wakaondoka hivyo, Stefano akiwa ukuta baina ya wakwe, na kila gia ikibadilishwa goti lake linapigwa. Mbaruku aliangalia mbele tu. Hata kioo cha pembeni cha kushoto alikisamehe, akaendesha kwa kioo kimoja.

"Stefano, mwulize mama kama upepo haumsumbui."

"Mama, dereva anauliza kama upepo haukusumbui."

"Mwambie upepo si kitu. Nimezoea kusubiri mambo makubwa zaidi."

Stefano alifikisha, tena kwa sauti ya mhubiri.

"Na wewe mwanangu Stefano," aliendelea Bi Mwatumu, "humo nyuma mna mchele?"

"Hamna, mama. Soda na mahema."

"Basi mtafika kwa wakati."

Wakapita mjini Handeni. Mbaruku, mtu wa hadithi hata kwa tairi la spea, alihesabu nguzo za simu. Kila alichofikiria kukisema kilimrudia na harufu ya ule mchele.

Mbele ya mji barabara ilishuka kwenye mbuga. Ardhi yake ni ile nyeusi. Ikikauka inapasuka, ikilowa inashika mguu kama mdai. Lori liliingia, likapiga chafya, likakaa. Tairi za nyuma zilizunguka bure na kujichimbia kaburi. Mvua ikakaza.

Stefano alipita juu ya mapaja ya Mbaruku, akarukia nje akaenda kupima. Sasa ukuta ulikuwa umeondoka. Mbaruku aliona pindo la kanga kwa pembe ya jicho, akafungua mlango na kutumbukia topeni mpaka magotini, afadhali tope.

"Limelala kwa akseli," alisema Stefano. "Tupunguze mzigo."

Wakapunguza. Walishusha makreti, kreti baada ya kreti, wakayapanga kwenye kichuguu. Walishusha vitanda, wakashusha nguzo, wakayafunika mahema kwa turubai kubwa pembeni. Karabai zilishushwa mojamoja kama watoto wachanga. Lori likabaki tupu, isipokuwa mbele, kule alikokaa Bi Mwatumu na kifurushi chake, akitazama kioo kinachotiririka maji.

Mbaruku alijaribu kuliondoa, amesimama nje kwenye ngazi na mguu mmoja ndani, uso kautupa upande wa mashamba. Lori lilinguruma, likazama kidogo zaidi.

"Kuna mzigo mmoja umesahau," alisema Stefano.

"Upi?"

"Ule wa mbele."

"Kamwambie wewe."

"Mimi Mshambaa nimwambie mama wa Kizigua ashuke kwenye mvua? Watani tuna mipaka yetu. Mwambie wewe, mkwe ni wako."

"Siwezi."

"Basi tutandike hema moja chini ya tairi, tutoke."

Mbaruku alilitazama rundo la turubai. Lingefaa kweli, na lingeraruka vipande. "Watu watalalia nini?" alisema. "Kata matawi."

Stefano akachukua panga akaenda kwenye vichaka vya mbali, ananung'unika. Mbaruku alibaki na jembe, anachimba mbele ya tairi, na maji yanajaza kila anachochimba. Jua halikuonekana lakini mwanga ulikuwa unapungua. Aliwaona kichwani watu wa Kang'ata wamejibanza chini ya vipenu, watoto wanalia, na waselo wa Kwedizinga wamekaa juu ya ngoma zao bila mwimbishaji, wakiulizana dereva nani. Mbaruku? Yule wa arobaini? Na Hajira katikati yao anasikia.

"We gari."

Jembe lilimganda mkononi. Sauti ilitoka dirishani juu yake.

"We gari, mwambie dereva wako goti langu haliteremki peke yake. Tangu mlipoanza kushusha soda nangoja Stefano atumwe anishike mkono. Nimeshushiwa kila kitu mbele ya macho, mpaka karabai. Mimi sishushwi."

Mbaruku aliliambia tairi, "Gari, mwambie mama, dereva aliona haya kumshusha mvuani. Alidhani ni kumvunjia heshima."

"Heshima." Sauti sasa ilishuka moja kwa moja, haikupitia gari wala mtu. "Siku ile niliweka masufuria ya majirani mekoni, matupu, nikakaa naangalia barabara. Heshima ilikuwa wapi, Mbaruku?"

Alikuwa amemtaja jina. Tangu azaliwe, hiyo ndiyo siku ya kwanza Mbaruku hakutunga kitu; aliliegemea jembe. Mvua ilimpiga mgongoni. Alisimama hivyo hadi Stefano alipotokea na mzigo wa matawi, ndipo akamwambia, bila kugeuka, "Mshike mama mkono, ateremke."

Walipotandika matawi, Mbaruku aliingia kwenye usukani. Stefano akapiga bodi kwa kiganja, maana yake tayari. Mbaruku alikanyaga mafuta. Lori lilitetemeka, matawi yakavunjika kwa mlio, tairi zikarusha tope nyuma kama mtu anayemwaga uji, mara moja, mara ya pili, na ya tatu likachomoka. Hakusimama mpaka alipofika penye changarawe. Kwa nukta chache alikuwa Mbaruku wa zamani.

Akashuka, akageuka kutazama. Kule nyuma walisimama watu wawili weusi tii kuanzia utosini. Mmoja alikuwa Stefano. Mwingine alikuwa akitoa tope mdomoni kwa pindo la kanga.

Alimwita Stefano pembeni. "Nani kamwambia asukume?"

"Kajiambia mwenyewe. Nilimkataza, akaniambia kelele."

Mbaruku aliona giza. Kumwacha mkwe na sufuria tupu, halafu kumpaka tope mwili mzima. Hilo neno litakalosemwa baada ya ngoma alilijua tayari. Walipakia upya. Bi Mwatumu alisimama kwenye kichuguu, akawapa karabai mojamoja, akihakikisha kioo cha kila moja kwanza, na hakuna iliyopasuka. Akapandishwa na Stefano. Akakaa.

Uwanja wa Kang'ata ulikuwa uji. Wanadansi walifunika magitaa kwa ngozi, wachezaji walijikunyata chini ya nyasi za paa lisilokamilika, na lori lilipoingia watu walilizunguka wakishika makreti kama ndugu waliopotea. Siku nyingine Mbaruku angesimama juu ya bodi kuhutubia. Sasa alichukua nyundo, akaanza kusimamisha hema la kwanza, la wanawake, haraka, mgongo wake kwa watu.

Nyuma ya turubai alisikia sauti aliyoikosa tangu vuli.

"Mama, nani kakufanya hivi?"

"Tope."

"Tope la nani?"

"La mvua, mwanangu. Nani mwingine ana tope." Kanga ikakung'utwa. "Huyo bwana anapambana na hema peke yake na upepo huu. Kamshikie kamba."

Hajira alitokea ukingoni. Alikuwa amekonda kidogo, au pengine ni Mbaruku aliyesahau. Akaikamata kamba, akajizungushia mkononi.

"Sijarudi," alisema. "Nashika kamba tu."

"Sawa."

"Mbona hema limepinda?"

"Limepinda kwako. Vuta."

Akavuta. Hema likasimama, wakaenda kwenye la pili, na la tatu, hata mwanga ukaisha na karabai zikawashwa. Waliongea kamba na vigingi tu. Mbaruku aliogopa kuongeza neno, asije akaharibu.

Ngoma ikachezwa siku zote mbili, tope na yote. Bi Mwatumu aliimbisha mpaka sauti ikakwaruza. Mbaruku alikaa nyuma ya lori akigawa soda, na kila wimbo mpya ulipoanza alitega sikio kama ametajwa. Hakutajwa. Hilo nalo lilimtia wasiwasi; alijiuliza mtu asiyestahili hata wimbo ana tumaini gani.

Asubuhi ya kuondoka, waselo walipanda trela la trekta. Hajira alisogea na kifurushi chake. Bi Mwatumu alikuwa juu, ameegemea ngoma.

"Trela limejaa," alisema.

Hajira alitazama. Penye mguu wa mama yake pangekaa watu watatu. "Mama, nafasi ipo."

"Haipo. Pale ni pa ngoma. Lori lile pale, linapita njia hiyohiyo."

Stefano hakungoja kuambiwa, alikwishapanda nyuma kwenye chupa tupu, akajifunika turubai. Hajira alikaa mbele, kifurushi mapajani. Mbuga ilikuwa imeanza kukauka, wakaipita kwa gia ya kwanza. Mjini Handeni Mbaruku aliuliza kama ana kiu, alisema hana. Baada ya hapo ilikuwa injini tu na chupa zinazogongana.

Jambo lilikuwa Kwedizinga. Lori linapita njia hiyohiyo, mama mtu alisema, lakini hakusema lisimame wapi. Barabara ilipoanza kupinda kuelekea kijijini, Mbaruku aliushika usukani kwa mikono miwili. Aliuona mti wa kona, akaona paa la kwanza. Mguu ukalegea wenyewe kwenye mafuta. Lori likapungua mwendo, likawa linatambaa mbele ya njia inayokwenda kwa Bi Mwatumu.

Hajira alitazama njia ile, kisha akamtazama yeye.

"Unapunguza mwendo wa nini?"

"Tope," alisema Mbaruku.

"Hapa hakuna tope."

Akaongeza mafuta.