Jicho la Fundi Breki

Fundi breki wa gereji yetu hapa Gikondo humkonyeza kila mtu. Akimaliza gari hufuta mikono yake minene kwa kitambaa, husema taratibu, "Bosi, iko sawa," kisha hufumba jicho la kushoto na kulifumbua. Hukonyeza madereva, wauza chai, hata mchungaji wa kanisa la jirani, nao hucheka. Jana mke wangu Swafiya aliniletea chakula. Fundi alipomwona aliinamisha macho, akarudia kukaza nati aliyokwisha kuikaza. Hakumkonyeza. Wivu ukaniingia. Nilimsindikiza Swafiya hadi barabarani, nikamuuliza, "Kwani mnajuana?"

"Mimi na fundi?" akasema, kope zikimcheza.

Sikuwa nimemtaja fundi.