Nilimwita Mkwe Mwizi kwa Ajili ya Plaizi

Andika, Upendo, na usianze kucheka kabla sijafika mahali pa kuchekea. Mimi ni mwana wa Ndekirwa, aliyezaliwa Poli kwenye mteremko wa Mlima Meru, na wa Nderingo, aliyezaliwa kule chini Nduruma kwenye vumbi, na wote wawili walikuwa watu wa heshima ambao katika maisha yao hawakuwahi kusimama mbele ya umati na kujiaibisha kwa kinywa chao wenyewe, kama nilivyofanya mimi siku ya harusi ya mama yako. Wajomba zako wameisimulia siku hiyo kwa miaka mingi, kila mmoja akitia chumvi yake, nami nimeona heri iandikwe kama ninavyoikumbuka, kabla hawajaongeza kwamba nililia. Sikulia. (Ulikuwa moshi.)

Kwanza uijue plaizi. Mimi sikuketi darasani hata siku moja, lakini nilifunga nyaya za uzio katika mashamba ya kahawa na mazizi ya ng'ombe kutoka Poli hadi Kisongo, na fundi wa uzio asiye na plaizi ni mtu anayetembea tu. Katika miaka ya uhaba kijiji kizima tulikuwa na plaizi moja iliyokwisha meno, tukiazimana kwa zamu, na ukitaka kukata waya ilikubidi uukunje na kuukunjua hadi uchoke wewe au uchoke wenyewe. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka ya mjini, ambayo jana yake yalikuwa na kiberiti na mwenye duka, yakajaa bidhaa hadi zikamwagika barazani: redio, sufuria, mabati, viatu vya rangi ambazo sikujua kwamba ni za viatu. Ndipo siku moja, karibu na soko kuu, mfanyabiashara mmoja mtu wa Kondoa akanifungulia kijikasha, na ndani yake imelala plaizi yenye mikono ya plastiki nyekundu, na kwenye chuma chake imegongwa picha ya kobe.

"Jaribu, mzee wangu," akasema, akaniletea kipande cha seng'enge.

Nikabana mara moja. Kat! Waya ukaanguka pande mbili bila mimi kukunja uso. Upendo, nimewahi kubatizwa, nimewahi kuoa, nimewahi kukoswakoswa na nyati msituni, nami ninakuambia kwamba furaha ya siku ile inastahili kukaa katika benchi moja na hizo.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchosha. Nilikuwa nikiulizwa habari za nyumbani baada ya ibada, ninajibu habari za Kobe. Madukani zilipoanza kuingia plaizi nyingine, za picha ya sungura, za picha ya nyota, na nyingine zisizo na mnyama yeyote, nilizishika kwa vidole viwili na kuwaambia wenye nazo kwamba hizo ni za kukatia maharage. Niliipaka mafuta kila Jumamosi. Na nilikuwa na sheria moja, ambayo ndiyo iliyoniponza: Kobe haiwekwi chini. Si kwenye udongo, si kwenye majani, si kwenye jiwe. Inakaa mkononi, au mfukoni, au mahali safi palipoinuka.

"Baba Elinipa," bibi yako aliniambia siku moja, "ungekuwa unanipaka mimi mafuta hivyo, leo ningekuwa bado msichana."

Nilikuwa ninapaka.

Basi mama yako Elinipa akachumbiwa na baba yako, kijana wa Kichaga, ambaye wazazi wake walikuwa wamejenga Njiro, nyumba yenye ukuta na geti. Sherehe ilikuwa ifanyike kwao, na sisi upande wa bibi harusi tulipaswa kupeleka ndafu, yaani mbuzi mzima aliyeokwa, anayefikishwa amesimama kwa miguu yake minne na majani mabichi mdomoni kana kwamba bado anafikiria kwenda malishoni. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze: ndafu si chakula tu. Wakwe wakimla, undugu umefungwa. Wangeinuka bila kumwonja, mama yako angerudi nasi Poli jioni ileile akiwa na shela lake, na hakuna mzee ambaye angekwenda tena Njiro kugonga geti.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa mbuzi. Nilimsimamisha kwenye fremu ya nondo, nikafunga kila mguu kwa waya, nikamjaza tumbo kwa ndizi na viazi, kisha nikaanza kumshona tumbo hilo. Bibi yako akaja na kamba ya mkonge.

"Mshone kwa kamba, kama watu wote."

"Kamba ni ya watu wasio na plaizi," nikasema.

Hapo ndipo ulipoanzia msiba wote, katika sentensi hiyo moja ya kiburi. Nikashona kwa waya, nikisokota kila tundu kwa Kobe, mishono ikalala sawa kama uzio wa shamba la mzungu, na likabaki tundu la kupitisha kiganja kwa ajili ya viazi vya mwisho. Wakati huohuo akaingia uani Mzee Aminiel, mjomba wa baba yako, ambaye wakwe walikuwa wamemtuma kuja kumtazama mbuzi na kumsindikiza hadi Njiro.

Alikuwa mzee mrefu, mpole, amevaa koti la rangi ya udongo. Akaisifu kazi. Akaiomba plaizi, akaigeuzageuza, akamtazama kobe.

"Mkwe, hiki ni chombo," akasema. "Naona wivu. Ningekuwa na roho mbaya ningeondoka nacho."

Tukacheka sote. Akanirudishia. Na kwa kuwa mgeni wa namna ile huwezi kumpokea kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika chuma, nikatafuta mahali pa kuweka Kobe ili nimshike mikono yote miwili na kumpeleka kwenye kiti. Chini ilikuwa haramu. Pembeni palikuwa na majivu. Mahali pekee safi palipoinuka, Upendo, palikuwa juu ya ndizi, ndani ya lile tundu.

Niliporudi tundu lilikuwa limefungwa. Bibi yako, aliyechoka kuningoja, alikuwa amelikaza kwa kamba yake ya mkonge bila kuchungulia ndani, na akasimama kando akiwa na uso wa mtu aliyeshinda. (Sisemi kwamba kosa ni lake. Ninasema tu kwamba angechungulia.) Nikaudhika kwa sababu ya ile kamba, na katika kuudhika kwangu nikasahau kabisa swali la plaizi, tukamsogeza mbuzi kwenye makaa.

Aliokwa hadi mchana. Harufu ilikuwa nzuri, kisha ikawa nzuri na ya ajabu, kisha ikawa ya ajabu tu. Mmoja akasema ni kuni mbichi. Mwingine akasema kuna mtu amechoma kandambili. Tulipompakia kwenye pikapu na kuanza safari, dereva alisimama Tengeru kukagua breki, akasimama tena Kijenge kukagua mkanda wa injini, akapanda akitikisa kichwa, akasema gari lake halijawahi kunuka hivyo tangu alinunue. Nami niliyekuwa nimekaa nyuma na mbuzi nikamwambia kwa ukali akatafute fundi anayejua kazi.

Tukafika Njiro kwa vigelegele. Turubai limefungwa, wageni wamejaa, mama yako ameketi mbele karibu na baba yako, mzuri hata nikashindwa kumtazama. Mbuzi akabebwa hadi katikati. Mshereheshaji, kijana mwenye suti pana na maneno mengi, akatangaza kwamba baba mzazi wa bibi harusi sasa atamfungua ndafu kutoka kwenye fremu na kumkabidhi kwa wakwe, akanipa kipaza sauti ili niseme neno.

Nikatia mkono mfukoni kutafuta Kobe. Hakuna. Mfuko wa pili, hakuna. Koti, hakuna. Nikajiuliza niliiona wapi mara ya mwisho, na akili yangu, badala ya kunionyesha ndizi, ikanionyesha vidole virefu vya Mzee Aminiel na maneno yake ya asubuhi.

Mtu mwenye busara angeomba kisu. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti.

"Wakwe zetu," nikasema, na sauti yangu ikatoka ndani ya spika mbili kubwa na kuvuka ukuta hadi kwa majirani, "mbuzi huyu hafunguliwi mpaka plaizi yangu irudi. Ni Kobe halisi. Na aliyenayo yumo humu ndani, naye asubuhi aliitamani mbele ya macho yangu."

Bibi yako akanivuta koti. "Baba Elinipa, nyamaza."

Sikunyamaza. Nikanyoosha kidole. Mzee Aminiel akainuka polepole, akaja hadi katikati, akaanza kugeuza mifuko yake nje mmoja baada ya mwingine mbele ya watu wote: leso, miwani, pipi mbili za mnanaa, kitambulisho. Akavua na koti, akalitandika mezani. Ningefurahi zaidi angenipiga.

Ndipo shangazi mmoja wa upande wao, mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani, akasimama. "Kumbe tumeoa, tukapewa na polisi! Inukeni. Nyama ya watu wanaotuita wezi haipiti kooni mwangu."

Na viti vikaanza kulia. Safu ya kwanza wakainuka, safu ya pili wakafuata, watu wanatafuta mikoba, na mama yako ameshika shela kwa mikono miwili akisema kwa sauti ndogo, "Baba, tafadhali. Baba, ni plaizi tu." Hiyo "ni plaizi tu" ilinikera (nakiri), lakini nilipomtazama usoni niliona kwamba kwa ajili ya chuma nilikuwa ninambomolea nyumba ambayo hajaingia.

Aliyetuokoa ni baba yako. Alinyakua kisu cha keki, akakimbilia mbuzi, akasema kwa sauti kwamba yeye atakula, hata kama atakula peke yake, na mahali pekee alipoweza kukata palikuwa kwenye kamba ya bibi yako, kwa sababu kwingine kote nilikuwa nimeshona kwa waya. Kamba ikakatika. Tumbo likafunguka. Viazi vikatoka, ndizi zikafuata, na nyuma yao kikaanguka kitu kizito kwenye sinia: nga!

Waliokuwa wakiondoka wakageuka kuitazama plaizi yangu. Ilikuwa nyeusi kama kaa. Ile plastiki nyekundu ilikuwa imeyeyuka na kuganda juu ya kiazi kama kofia.

Mshereheshaji akainamisha mdomo kwenye kipaza sauti cha pili. "Ndugu wageni waalikwa," akasema, "mbuzi amejifungua."

Sasa, mtu mwenye akili timamu angepiga magoti hapo. Mimi, Mungu anisamehe, nilimwona Kobe baada ya nusu siku ya kutengana, nikamchukua kwa leso, nikaenda kwenye mguu wa mbuzi, nikabana waya ule mnene. Kat! Pande mbili!

"Bado inakata!" nikapiga kelele ndani ya kipaza sauti. "Imeokwa tangu asubuhi na bado inakata!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Aminiel. Alianza kwa mabega, kisha akajishika mbavu, kisha ikambidi kukalia kiti cha mtu mwingine, na kicheko kikapita kwenye safu zote hadi yule shangazi akaanguka juu ya jirani yake na kitambaa kikamtoka. Ndipo magoti yangu yakakumbuka wajibu wao. Nikapiga magoti mbele ya mzee yule, nikaomba msamaha katika kipaza sauti kilekile, polepole, kwa maneno yote niliyonayo, nikamwambia ataje faini yoyote, ng'ombe hata wawili.

Akafuta machozi. Akamwita mshereheshaji. "Kwa desturi yetu, kila kipande cha ndafu kina mwenyewe. Waambie watu, vya tumboni ni vya nani?"

"Vya tumboni ni vya mjomba wa bwana harusi, mzee."

"Na mjomba ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Basi sitaki ng'ombe," akasema, akaninyooshea kiganja. "Mkwe, nipe nyama yangu."

Upendo, mkono wangu ulikuwa mzito siku ile kuliko ulivyowahi kuwa chini ya nguzo yoyote ya uzio. Lakini nilimpa. Akaipangusa mafuta kwa leso yake, akaiweka katika mfuko uleule nilioupekua kwa maneno, akaketi, akaomba chumvi. Wageni wote wakaketi. Mbuzi akaliwa hadi mifupa (isipokuwa kile kiazi chenye kofia), na mama yako akabaki Njiro, na ndiyo maana wewe upo hapa unaniandikia.

Sikununua nyingine. Tangu siku hiyo kitu changu kikipotea sifungui kinywa mpaka nimetafuta mahali pote, na nikimaliza ninaanza tena, nikianzia pale ambapo ningekiweka kwa kukipenda kupita kiasi. Kipaza sauti sijakishika tena, hata kanisani, hata kutoa tangazo la mvua.

Sasa sikiliza ya kutunza. Karatasi hizi zitunze, na wajomba zako wakianza, wasomee bila kuruka mstari. Mzee Aminiel alipofariki plaizi ilikwenda kwa baba yako, nayo iko kwenu Njiro katika droo ya jikoni. Siku moja itakuwa yako. Ipokee kwa mikono miwili, ipake mafuta kila Jumamosi, na uiweke chini popote unapotaka. Ukiulizwa ni ya nani, sema ni ya ukoo wa baba yako, na kwamba waliipata kwa haki. Kwangu usiilete.

Au ilete mara moja tu, pamoja na kipande cha seng'enge, na usimwambie bibi yako.