Pombe ya Mahari Iliyogoma

Ndambiri wa Kianjokoma hapiki pombe kwa kitu kipya, na ubahili huo umetuchosha sisi majirani zake. Vipande vya miwa walivyoacha wajukuu, masega ya asali yaliyokwisha kukamuliwa, sukari iliyoganda chini ya mkebe: vyote vinaishia mtungini. Juu yake anatia miratina, yale matunda makavu yanayoumua pombe. Hayaoshwi. Yakitumika huanikwa juu ya meko yangoje kazi nyingine. Katekista akipita, mtungi unafunikwa gunia na mzee anauliza habari za kwaya.

Wiki ile hakukalika naye. Jumamosi alikuwa apeleke pombe Runyenjes kwa Njagi, baba yake Ann, waanze mazungumzo ya mahari. Ann amekaa na Mwaniki, mwana wa Ndambiri, mpaka wamezaa watoto, lakini Njagi alisema wazi kwamba bia ya duka hapokei. Anataka iliyopikwa kwa muoaji, tena iliyoumuka, maana pombe ya mahari ikigoma husemwa kwamba nyumba ile haimtaki msichana.

Nayo ikagoma. Ndambiri aliweka sikio mtungini, kimya. Akausogeza karibu na moto, akaurudisha, akaufunga blanketi lake mwenyewe. Alimgombeza mkewe, akamgombeza mbuzi, kisha akaja kwangu kuniuliza kama nimemsema vibaya. Nikamwambia namsema vibaya kila siku na pombe zake huumuka tu.

Jumatano Ann alimfuata mzee jikoni.

"Baba, hizo miratina nilipata ziko na masizi mingi. Nikazichemsha na sabuni ya unga, nikasugua mpaka zikawa safi kabisa."

Mzee alishika kichwa. Chachu yote ilikuwa imekwenda na mapovu.

"Ann! Umeosha pombe ya mahari yako mwenyewe?"

"Sikujua, Baba. Sasa kwetu watasema mmenikataa." Akalia kwa uchungu.

Ndambiri alitoka, akazunguka zizi, akarudi, akatoka tena. Aliporudi mara ya pili alimkuta Ann ameshamwaga ile pombe na kuosha mtungi. Ann huuza matunda sokoni, na kwenye ndoo ya ng'ombe kulikuwa na maganda ya mananasi yaliyoanza kuchacha. Akayatia mtungini pamoja na miwa na asali iliyosalia. Mzee alifungua kinywa amzuie, kwa sababu msichana hatii mkono kwenye pombe ya mahari yake. Akakifunga. Ijumaa mtungi ulikuwa unachemka kama sufuria ya githeri.

Runyenjes, Njagi alionja, akanusa, akaonja tena. Sisi tuliomsindikiza Ndambiri tulikaza macho kwenye kibuyu.

"Hii ina nanasi," Njagi akasema. "Sijawahi kusikia nyumba yako ikipika hivi. Nani ametia mkono hapa?"

Ndambiri alihangaika kitini. Uongo angeuweza, namjua.

"Ni mtu wa nyumba yangu," akasema.

Njagi alimtazama binti yake mlangoni, akaona vile alivyoinamisha uso. Akaweka kibuyu chini polepole.

"Ndambiri, kama ni mtu wa nyumba yako," akasema, macho bado kwa binti yake, "leo umekuja kuniomba nani?"